Utafiti wa sindano ya pumu ya ngozi Uingereza: huduma ilivyokuwa, na ya kuuliza kabla hujasaini

Nianze na jibu, maana ndilo wengi mnaloniulizia: ndiyo, ndugu yangu mwenye pumu ya ngozi (eczema) iliyomshika sana ningemshauri aingie kwenye utafiti wa dawa mpya akipata nafasi. Ila asisaini kabla ya kuuliza mambo fulani nitakayoyataja, na siku ya kupimwa asikubali kupimwa kwa macho tu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, Uingereza, kazi yangu ni kutunza wazee. Pumu ya ngozi ninayo tangu utotoni: mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingo. Tangu nianze kazi hii imehamia na viganjani, kwa kunawa kutwa na kushinda ndani ya glavu. Nyumbani nilipakwa mafuta ya nazi, nikaogeshwa maji ya mwarobaini, na nilipokua nikaifahamu ile tyubu ya duka la dawa yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Inauzwa bila cheti, inatuliza muwasho ndani ya siku mbili, na ukiendelea nayo miezi ngozi inakuwa nyembamba, inachanika ovyo. Shangazi yangu alama zake anazo mpaka leo.

Huku nilipita kwenye krimu za kila nguvu, na dawa ya vidonge iliyonisumbua tumbo. Siku moja kliniki ya ngozi ikanipa karatasi: kuna utafiti wa sindano mpya, hatua ya tatu, yaani ile ya kuijaribu dawa kwa wagonjwa wengi kabla haijaidhinishwa, unataka wenye ugonjwa wa kati hadi mkali. Kwa ambao hawajapewa karatasi kama hiyo, taasisi ya utafiti wa afya ya Uingereza, NIHR, ina huduma inayoitwa Be Part of Research. Unajiandikisha bure, unataja ugonjwa wako na mahali unapoishi, wanakuletea tafiti zinazotafuta watu. Hospitali niliyoshiriki sitaitaja, wala kampuni. Nitasema nilichopewa na nilichonyimwa.

Sindano yenyewe ni ya ukoo mmoja na dupilumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani Machi 2017 na kubadilisha kabisa matibabu ya ugonjwa huu. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Inaziba mlango ambao taarifa mbili za mwili, interlukini 4 na interlukini 13, zinapitia. Taarifa hizo ndizo zinazoiambia ngozi ivimbe, iwashe na ishindwe kushika unyevu. Baada ya dupilumab zimefuata nyingine huko huko Marekani: tralokinumab mwaka 2021, lebrikizumab na nemolizumab mwaka 2024. Kila moja ilipita kwa watu kama mimi na wewe waliokubali kuchomwa bila kujua ndani ya sindano kuna nini.

Na hapo ndipo mama alipogomea. Nilimpigia kumwamkia na kumweleza, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, yaani wakufanye panya, halafu hata dawa yenyewe wasikupe?" Lilikuwa swali la haki, na nililipeleka kama lilivyo kwa nesi wa utafiti. Jibu lake lilinitosha. Pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe. Katika tafiti mbili kubwa za dupilumab zilizochapishwa mwaka 2016, SOLO 1 na SOLO 2, waliochomwa maji yasiyo na dawa (ndiyo plasebo) walikuwemo asilimia 10 na asilimia 8 ambao ngozi ilisafika au kukaribia kusafika baada ya wiki 16. Waliopata dawa kila wiki mbili walifikia asilimia 38 na 36. Bila kundi la plasebo, kampuni ingejihesabia hata wale ambao wangepata nafuu wenyewe. Mama alipoelezwa hivyo akasema, "Basi wawe wakweli tu." Akaniombea dua.

Upande wa ridhaa nawapa alama za juu kabisa. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kinene, lakini nilikwenda nacho nyumbani, nikaambiwa nikae nacho nitakavyo, na nikaelezwa kwamba nina haki ya mkalimani. Nesi alinipitisha ukurasa kwa ukurasa: damu itakayotolewa inakwenda wapi, nani ataona jina langu, nikiumia nani analipa, nikitaka kujitoa nafanyaje. Kulikuwa na kisanduku cha hiari cha kuruhusu sampuli zangu zihifadhiwe kwa utafiti wa vinasaba baadaye. Nilikikataa, na hakuna aliyeninunia. Kujitoa ni wakati wowote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi.

Kuna swali moja walilouliza ambalo Mswahili yeyote anapaswa kulijibu kwa makini: minyoo. Daktari alitaka kujua nimetoka wapi, nimeogelea maziwa au mito gani, nimewahi kuugua kichocho, mara ya mwisho kunywa dawa ya minyoo ni lini. Njia ile ile ya mwili ambayo sindano hizi huitulizia ngozi ndiyo mwili hutumia kupambana na minyoo. Mwenye minyoo anatakiwa atibiwe kwanza. Usione aibu kusema ukweli, na usijibu "hapana" kwa kuharakisha mambo. La pili linalotuhusu ni chanjo hai, zile zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, na ya homa ya manjano ni mojawapo. Ukiwa kwenye sindano hizi hutakiwi kuchanjwa chanjo hai, kwa hiyo kama unapanga kwenda nyumbani, uliza mapema. Anayekwenda Tanzania moja kwa moja kutoka Uingereza hadaiwi cheti cha homa ya manjano, lakini akikaa zaidi ya saa 12 katika kiwanja cha ndege cha nchi yenye ugonjwa huo, Ethiopia au Kenya kwa mfano, anaweza kudaiwa. Mimi chanjo nilikwishaipata zamani. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mganda, alilazimika kupanga upya safari yake nzima.

Sasa nije kwenye jambo lililonikera, na ndilo lililonifanya niandike.

Ukali wa ugonjwa hupimwa kwa kipimo kinachoitwa EASI, kinachoanzia 0 na kuishia 72. Mwili hugawanywa sehemu nne: kichwa na shingo, mikono, kiwiliwili, miguu. Kila sehemu mpimaji anatoa namba kuanzia 0 hadi 3 kwa mambo manne: wekundu, uvimbe, alama za kujikuna, na ngozi kukakamaa na kuwa nene. Kisha anakadiria ugonjwa umeenea kiasi gani, anazidisha na uzito wa sehemu hiyo. Miguu ndiyo yenye uzito mkubwa, 0.4, kichwa na shingo ni 0.1 tu. Tafiti nyingi za sindano zinataka mtu afikishe angalau 16 ndipo aingie.

Mnaona shida ilipo. Jambo la kwanza kati ya manne ni wekundu. Ngozi yangu mimi ikichachamaa haiwi nyekundu. Inakuwa ya zambarau iliyofifia, au kijivu, au inakoza weusi tu, na chini ya taa nyeupe ya hospitali unaweza kupita bila kuona kitu. Daktari aliyenipima mara ya kwanza alikuwa na kadi ya picha za mfano, na kila picha iliyokuwamo ni ya ngozi nyeupe. Akanisimamisha, akaangalia nyuma ya goti, akamwambia anayeandika: "Wekundu, moja."

Usiku ule sikuwa nimelala kwa goti lile. Nikamwambia, "Daktari, samahani, hapo panawaka moto. Naomba uguse."

Kwa haki yake, aligusa. Akaweka mgongo wa vidole nyuma ya goti, akavihamishia kwenye paja ambako ngozi ni nzima, akarudi. Joto la pale mimi mwenyewe nilikuwa nalihisi bila kugusa. Akabonyeza kwa kidole gumba, akaangalia jinsi ngozi inavyojaa tena. "Mbili," akasema. Kisha akainamisha taa pembeni, vipele vidogo vidogo vikajitokeza kwa vivuli vyake, akasema, "Hapana, andika tatu." Mtu ambaye ugonjwa umemshika nusu ya miguu, kutoka moja kwenda tatu kwenye wekundu wa miguu peke yake kunamwongezea alama 3.2. Aliye kwenye 14 anavuka 16. Aliyenyamaza anarudi nyumbani na barua ya kumshukuru kwa kujitolea.

Si hisia zangu tu. Mwaka 2002 Ben-Gashir na Hay walichapisha utafiti wa watoto wa London wenye ugonjwa huu. Walipoirekebisha hesabu ili wekundu usiwapotoshe, watoto weusi walionekana kuwa na uwezekano wa karibu mara sita zaidi wa kuwa na ugonjwa mkali kuliko weupe. Yaani ugonjwa ulikuwepo siku zote, macho ndiyo yalikuwa hayaoni. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Kwamba mwaka niliopimwa mimi bado kuna kadi ya picha za ngozi moja, hilo ni kosa, na nililiandika kwenye fomu ya maoni kwa maneno haya haya. Mambo yanabadilika kidogo kidogo: lebrikizumab imefanyiwa utafiti mahsusi Marekani kwa watu wenye ngozi za rangi. Lakini wewe utakapoingia kwenye chumba chako, utakutana na mpimaji wako, si na makala ya jarida. Mwambie aguse. Mwambie ainamishe taa. Piga picha nyumbani mchana, karibu na dirisha, ngozi ikiwa imechachamaa, na uende nazo.

Baadaye alikuja nesi kutoka Kerala, India, ambaye hakuhitaji kuambiwa. Alianza kwa mikono, macho yakafuata. Alipokuwa zamu yeye nilitoka mle ndani nikijua kilichoandikwa ndicho nilichonacho.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni kile cha kabla ya sindano ya kwanza. Wanataka mwili usiwe na dawa nyingine, kwa hiyo krimu ya steroidi inaachwa wiki moja au mbili, vidonge wiki nne. Unabaki na mafuta ya kulainisha. Nilikuwa naamka na damu kwenye shuka na chini ya kucha. Kazini nilivaa glavu za pamba ndani ya zile za plastiki, na kuna mzee mmoja ninayemhudumia aliniambia nikae, aninawishe yeye. Kama una mtoto mchanga, au mtihani, au harusi ya ndugu yako, usianze kipindi hicho. Hospitali ilinipa namba ya simu ya saa 24 na walipokea kila nilipopiga, hata usiku wa manane. Pia kuna dawa ya kuokolea: ukizidiwa sana wakati wa utafiti wanakupa krimu ya steroidi. Hilo wanakueleza. Wasilokueleza mpaka uulize ni kwamba katika tafiti nyingi, ukiitumia, unahesabiwa kama mtu ambaye dawa haikumsaidia. Haikuzuii kuiomba. Afya yako kwanza, hesabu ni kazi yao.

Shajara ya simu sikuipenda. Kila siku unatakiwa ukadirie muwasho kuanzia 0 hadi 10, muwasho mkali kuliko wote ndani ya saa 24 zilizopita. Wazo ni zuri, kwa sababu muwasho ndio unaotutesa na hauonekani kwa macho. Lakini aliyetengeneza ile programu alimfikiria mtu anayelala usiku. Sisi wa zamu za usiku kengele ilitulilia katikati ya kumgeuza mgonjwa, na dirisha la kujibu likifungwa limefungwa. Nililalamika, wakaniruhusu kubadilisha saa. Ulizeni mapema.

Fedha: msitegemee malipo. Wanaolipwa vizuri ni wenye afya njema wanaojaribiwa dawa hatua ya kwanza. Sisi wagonjwa tunarudishiwa nauli na maegesho kwa risiti, na risiti zangu zilichukua muda mrefu kuliko walivyoahidi. Kwa mtu wa mshahara wangu hilo linauma, hasa kwa kuwa miadi yote ilikuwa mchana wa siku za kazi.

Je, ilinisaidia? Wiki 16 za kwanza nilipata nafuu kidogo tu. Nilikuwa nawashwa kidogo zaidi ya kawaida mwezi mmoja, kidogo pungufu mwezi mwingine. Utafiti ulipofungwa wakanieleza: nilikuwa kundi la plasebo. Sikuona nimeibiwa, kwa sababu kabla ya kusaini niliuliza lile swali ambalo nawasihi mlifanye la kwanza: baada ya wiki 16, aliyekuwa kwenye plasebo atapata dawa ya kweli? Kwenye utafiti wangu jibu lilikuwa ndiyo, kwa mwaka mmoja. Kuna tafiti ambazo jibu ni hapana. Nilipoingia kwenye dawa yenyewe, muwasho ulishuka kabla ngozi haijabadilika. Nilianza kulala usiku kucha, halafu ndipo viwiko vikaanza kulainika. Weusi unaobaki nyuma ya magoti bado upo na unafifia taratibu. Macho yaliniwasha na kuwa mekundu, madhara yanayojulikana kwa sindano za ukoo huu. Wakanipeleka kwa daktari wa macho wiki ile ile, nikapewa matone, yakatulia.

Swali la pili la kuuliza: kipindi hicho kikiisha, nani atanipa dawa? Hapo hakuna aliyenijibu kwa uhakika, na nawapunguzia alama kwa hilo. Dupilumab ilipoingia sokoni Marekani bei yake ya orodha ilikuwa dola 37,000 kwa mwaka. Uingereza hospitali za serikali huitoa kwa walioshindwa na dawa za kawaida, kwa hiyo mimi sikubaki mikono mitupu. Mtu wa Muheza au Pangani akiisoma bei hiyo anafunga ukurasa.

Ndiyo maana kwa wasomaji walio nyumbani nataka kuzitaja tafiti za aina nyingine, zisizo na kampuni ya sindano nyuma yake, ambazo majibu yake unaweza kuyatumia leo. Watafiti wa Bristol, Uingereza, walichukua watoto 550, wakawagawa kwa kura katika aina nne za vilainishi: losheni, krimu, jeli na marhamu. Matokeo ya mwaka 2022: hakuna kilainishi kilichovishinda vingine. Kilicho bora ni kile ambacho mtoto atakubali kupakwa kila siku. Marhamu waliyotumia ni ya parafini, ndugu wa karibu kabisa wa mafuta ya mgando yanayouzwa kila duka la mtaa. Southampton walijaribu mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuoga kwa watoto 483, mwaka 2018 wakaripoti kwamba hayaongezi faida ya maana juu ya kupaka. Nottingham, mwaka 2020, wakaonyesha kwamba kumpaka mtoto mchanga vilainishi kila siku mwaka wake wa kwanza hakumzuii kupata ugonjwa huu. Dada wangapi wamelaumiwa na mawifi kwamba hawakumpaka mtoto ipasavyo!

Na lile ninalolipenda kuliko yote: hao hao wa Nottingham waliwaachia wagonjwa wenyewe wachague swali, nao wakachagua kuoga. Watu 438 waligawanywa, wengine waoge kila siku, wengine mara moja au mbili kwa wiki. Baada ya wiki nne, hakukuwa na tofauti. Sisi wa pwani tunaoga asubuhi na jioni na tumeambiwa na kila mtu tupunguze. Sina hakika jibu la hali ya hewa ya Nottingham linafaa moja kwa moja kwa joto na jasho la Tanga, na hilo ndilo ningependa lifanyiwe utafiti kwetu. Hauhitaji mabilioni. Hospitali ya KCMC, Moshi, pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na wao hawahitaji kadi ya picha kujua ngozi nyeusi iliyochachamaa inafananaje. Wakinitafuta kwa utafiti wa mafuta ya nazi na mafuta ya mgando, naomba likizo kesho.

Kwa mlio Uingereza na mnaofikiria sindano: nendeni na mtu wa kuwasindikiza siku ya kusaini. Andikeni maswali kwenye karatasi, maana mle ndani yanasahaulika. La plasebo baada ya wiki 16, la dawa baada ya utafiti, la chanjo na safari, la nani anapima na kama amewahi kupima ngozi nyeusi. Na zile risiti za maegesho, zipigeni picha kabla hamjazikabidhi.